Lile geti la Lübeck na ule mwaka 1477

Watu wengi wakiona picha ya Holstentor, lile geti la matofali mekundu kule Lübeck, mji wa bandari kaskazini mwa Ujerumani, wanasoma 1477 upande unaotazama mji na wanaamini waliojenga ndo waliandika. Hapana jamani. Geti lilijengwa kuanzia 1464 hadi 1478 na fundi Hinrich Helmstede, hayo maandishi yaliwekwa karne ya 19 wakati wa ukarabati, ndo maana pembeni kuna 1871, na waliokadiria mwaka wa kumaliza wakakosea kwa mwaka mmoja, basi kosa limebaki ukutani mpaka leo.

Hata yale ya upande wa nje yanayosifu umoja nyumbani na amani nje ni ya kipindi hichohicho, yamefupishwa kutoka geti jingine la 1585 lililokuwa mbele yake, ambalo lilibomolewa.

Na hili pia lilikuwa libomolewe! Mwaka 1863 wakapiga kura, likaokolewa kwa kura moja tu. Mi naona hiyo historia ni tamu kuliko kusingizia maandishi ya zamani.