Samaki wa tangini akiugua: lini atibiwe, lini apumzishwe

Kabla ya kuamua kumfisha samaki wako, pima maji. Kuhema juu juu, kubana mapezi na kulala chini kwenye changarawe ni dalili ambazo mwenye tangi huzisoma kuwa za kifo, kumbe mara nyingi samaki amelewa amonia, sumu inayotoka kwenye matamvua yake mwenyewe na kwenye chakula kilichooza. Amonia na nitriti zinatakiwa kusoma sifuri, na nitrati isizidi miligramu 40 kwa lita. Amonia ikifika miligramu 0.5, badilisha nusu ya maji siku hiyohiyo, kesho upime tena. Maji mapya yawe na joto lilelile. Maji ya bomba yakilala kwenye ndoo wazi mchana kutwa na usiku kucha hupoteza klorini, ila kloramini (klorini iliyoungana na amonia) haitoki hivyo. Inahitaji dawa ya tangi yenye thiosulfeti. Sifongo la chujio usilioshe kwa maji ya bomba, maana bakteria wanaokula amonia ndimo wanamoishi.

Joto nalo hudanganya. Maji ya nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30, kama ilivyo Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari, hubeba zipatazo 7.5. Samaki dhahabu ni wa maji ya baridi. Anayetweta mchana wa kiangazi huenda anahitaji pampu ya hewa tu.

Maji yakiwa safi na samaki bado mgonjwa, ndipo ugonjwa wenyewe uangaliwe. Madoa meupe kama punje za chumvi yanatibika. Kuoza kwa mapezi kunatibika kukiwahiwa. Samaki anayeelea kichwa chini kwa hitilafu ya kibofu cha hewa hafi kwa sababu hiyo peke yake: mfungishe kula siku mbili au tatu, kisha mpe njegere iliyochemshwa na kumenywa. Wapo wanaoishi hivyo muda mrefu, mradi wanakula na tumbo halikai nje ya maji; ngozi inayokauka hewani hugeuka kidonda.

Kuvimba tumbo ndiko kunakohitaji jicho la makini. Samaki wa maji yasiyo ya chumvi huingiwa na maji mwilini saa zote, na figo hufanya kazi ya kuyatoa bila kupumzika. Figo zikishindwa, mwili hujaa, macho hutokeza, na magamba husimama kama ya kakakuona. Mtazame kutoka juu: tumbo kubwa lenye magamba yaliyolala huweza kuwa mayai au shibe, magamba yaliyosimama mwili mzima ni habari nyingine, na wachache hupona. Chumvi gramu 1 hadi 3 kwa lita hupunguzia figo mzigo na inafaa kujaribiwa mapema. Akiwa ameshaacha kula na anashindwa kujisimamisha, chumvi haimrudishi.

Samaki aliyekonda hadi kichwa kikawa kikubwa kuliko kiwiliwili, au uti wa mgongo ukapinda ukubwani, ashukiwe kifua kikuu cha samaki. Kinachosababishwa na bakteria aitwaye Mycobacterium marinum humwingia binadamu kupitia mchubuko mkononi, akapata uvimbe unaochelewa kupona. Vaa glavu, na ukienda hospitali na uvimbe wa namna hiyo, mwambie daktari kwamba unafuga samaki.

Uamuzi wenyewe tunashauri uupimie kwenye mambo matatu: anakula, anajisimamisha, anapumua bila kutweta. Andika kila siku, kwa sababu jicho la mwenye samaki humpendelea samaki wake. Tangu siku tiba ilipoanza, weka tarehe ya kuamua, kwa kawaida siku ya saba. Likipotea moja, endelea na tiba. Yakipotea mawili maji yakiwa safi, na tarehe ikafika bila nafuu, mpumzishe. Vidonda vilivyofika kwenye nyama, au kuliwa na wenzake akiwa hawezi kukimbia, havingoji tarehe. Gharama pia ni sababu halali. Asiyemudu daktari kwa samaki wa bei ya soda mbili hana cha kuonea aibu. Aibu ni kumwacha aoze akiwa hai.

Mwaka 2003 watafiti wa Uskoti walionyesha kwamba samaki aina ya trauti ana vipokezi vya maumivu kichwani. Kwa hiyo kumwacha nje ya maji, kumtia friza akagande polepole, kumwaga chooni au kumtumbukiza kwenye maji ya moto si upole. Miongozo ya mwaka 2020 ya Chama cha Madaktari wa Mifugo cha Marekani inakataza kumpitisha chooni, kumgandisha polepole na kumkausha nje ya maji.

Daktari wa mifugo hutumia trikaini, dawa ya usingizi ya samaki, miligramu 250 hadi 500 kwa lita, pamoja na bikaboneti ya soda kwa sababu dawa hiyo huyafanya maji kuwa na asidi. Nyumbani kinachopatikana ni mafuta ya karafuu, hayahaya yanayotengenezwa Pemba na kupakwa kwenye jino linalouma. Yawe halisi. Mafuta ya kuchulia yaliyochanganywa na ya nazi au alizeti hayafai. Sukuma tone kwa bomba la sindano chini ya uso wa maji kwenye glasi: halisi huzama, yaliyochanganywa huelea.

Kwa samaki mdogo, chota lita 4 za maji ya tangi lake kwenye ndoo yenye mfuniko na umhamishie humo. Tia mililita 0.2 za mafuta kwenye chupa yenye maji vuguvugu, tikisa kwa nguvu hadi yawe meupe kama maziwa, kisha mimina kidogo kidogo kwa dakika kadhaa. Ukiyamimina bila kutikisa, mabonge ya mafuta huunguza matamvua na samaki atarukaruka. Akishalala ubavu na hashtuki ukimbana mkia, tikisa mililita 1.5 nyingine vivyo hivyo na umimine zote. Kosa kubwa ni kuishia dozi ya kwanza. Hiyo ni ya usingizi, akirudishwa kwenye maji safi huamka.

Matamvua yakisimama, mwache humo si chini ya dakika 10 zaidi; sisi tunasema nusu saa. Kisha mgeuze kwa mkono: jicho la samaki aliye hai hujaribu kubaki usawa mwili unapoinama, la aliyekufa hufuata kichwa. Samaki dhahabu asikuchanganye. Anaweza kuishi muda mrefu bila oksijeni kwa kugeuza asidi ya maziwa mwilini kuwa alkoholi, hivyo kusimama kwa matamvua si ushahidi wa kutosha. Kwake, na kwa samaki yeyote mkubwa, ubongo huharibiwa baada ya usingizi mzito, na kazi hiyo mwachie daktari wa mifugo.

Mfukie ardhini kina cha kutosha mbwa wasimfukue, au mfunge kwenye mfuko mara mbili uende na taka. Asiliwe, asipewe paka, wala asitupwe mtoni au ziwani. Maji ya ndoo yamwagwe chooni. Wavu na vifaa vingine vilowekwe kwenye spiriti ya asilimia 70, vikaushwe juani, na tangi lichunguzwe kwa wiki mbili kabla ya kuongeza samaki mpya.