Je, wajua kwa nini cheni ya pikipiki hurefuka?

Cheni mpya haikai muda kabla haijalegea na kuanza kugonga kava. Fundi anaikaza, inalegea tena, hadi boliti za kuvutia tairi zinafika mwisho. Wenye pikipiki wengi husema chuma kimevutika. Hakijavutika. Yapime mabamba ya pembeni ya cheni hiyo na utakuta karibu hayajabadilika tangu yatoke kiwandani. Kilichopungua ni chuma cha ndani, mahali ambapo jicho halifiki.

Cheni ya namna hii, yenye bushi (bomba dogo la chuma) na rola (pete inayozunguka juu ya bushi), ilibuniwa na Hans Renold mjini Manchester mwaka 1880, na mpangilio wake bado ni ule ule. Pini inapita ndani ya bushi, na juu ya bushi kuna rola inayokaa kwenye meno ya sproketi, yaani gurudumu la meno linaloshika cheni. Kila pingili inapokunjika kuingia kwenye sproketi na kunyooka ikitoka, pini inajisugua ndani ya bushi yake. Pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 hutumia cheni namba 428, ambayo kutoka pini moja hadi nyingine ni milimita 12.7. Kila kiungo kikilika robo ya milimita tu, cheni ya pingili 120 inaongezeka sentimita 3 nzima.

Sasa fikiria mazingira ya kwetu, Mtwara na Lindi. Njia za Msimbati zina mchanga, na huko juu Newala na Tandahimba vumbi la kiangazi linaingia kila mahali. Mchanga una chembe za madini ya kwatzi (quartz), ambazo ni ngumu kuliko chuma cha kawaida. Chembe moja ikipenya kati ya pini na bushi, inakwangua kwa kila mzunguko. Anayefanya kazi pwani, Mikindani, Lindi mjini au Kilwa Masoko, ana tatizo la pili: chumvi ya bahari inaleta kutu, na unga wa kutu nao unakwangua. Halafu msimu wa korosho unafika na pikipiki inabebeshwa magunia. Mvutano kwenye kila pini unapanda, na mvua zinazofuata zinaosha mafuta yote.

Ndiyo maana oili chafu, ile iliyomwagwa kutoka kwenye injini, haifai kabisa kupakwa kwenye cheni, ingawa ni ya bure na imezoeleka. Tayari ina chembe za chuma na masizi. Ikishachanganyika na mchanga inakuwa kinoo kinachonoa cheni saa zote pikipiki inapotembea. Grisi nayo haisaidii kwa sababu nyingine: ni nzito, inabaki nje ikikusanya vumbi, huku pini zikizunguka kavu. Kinachofaa ni oili ya gia namba 90. Ni nyepesi kiasi cha kupenya kwenye kiungo, na nzito kiasi cha kutorushwa yote tairi likizunguka.

Kabla ya oili, safisha. Weka pikipiki kwenye stendi kubwa, gia iwe huru, injini imezimwa. Hili la injini si la kubahatisha: watu hukatwa vidole kwa kusafisha cheni inayozungushwa na injini. Tumia mafuta ya taa na mswaki wa zamani, zungusha tairi kwa mkono, kisha futa kwa kitambaa mpaka cheni ikauke. Petroli iache, inashika moto upesi, na kwa cheni zenye mipira midogo ya kuziba kati ya mabamba inaharibu mipira hiyo. Ukitoka ufukweni, anza na maji baridi ya bomba kuondoa chumvi, kausha, ndipo upake.

Oili idondoshwe upande wa ndani wa cheni ya chini, unaoelekea kwenye meno, tone moja kila ukingo wa rola, ili mzunguko uisukume ndani badala ya kuitupa nje. Vijiko viwili au vitatu vya chai vinatosha cheni nzima. Subiri dakika 15, kisha futa yote iliyobaki nje. Oili ya nje haina kazi ila kushika mchanga. Wakati mzuri ni jioni baada ya kazi, cheni ikiwa bado na joto. Kila kilomita 500 ni kiwango cha kawaida, lakini kwa njia ya mchanga au baada ya mvua kubwa usisubiri zifike.

Kukaza ndiko kunakoharibu cheni nyingi nzuri. Zungusha tairi utafute sehemu cheni ilipokaza zaidi, kwa sababu hailiki sawasawa pande zote, kisha pima hapo, katikati ya sproketi mbili. Jumla ya kupanda na kushuka iwe milimita 20 hadi 30 kwa pikipiki nyingi za ukubwa huu. Kitabu cha pikipiki yako ndicho kinachoamua. Wapo wanaopenda ikaze kabisa. Abiria wawili wakipanda, tairi la nyuma linapanda, na umbali kati ya sproketi ya mbele na ekseli, chuma kinachopita katikati ya tairi hilo, unaongezeka. Cheni isiyo na ulegevu inakosa pa kwenda, inavuta beringi za sproketi ya mbele, na ukarabati wake ni wa kufungua injini.

Legeza nati ya ekseli, geuza boliti za pande zote mbili kwa kiasi kile kile, robo mzunguko kila mara, na hakikisha alama za kushoto na kulia zinalingana. Ukishakaza ekseli, kagua breki: kwa breki ya nyuma ya fimbo, kurudisha tairi nyuma kunaikaza breki pia. Tairi lisipozunguka huru, legeza nati ya fimbo.

Kujua kama cheni imekwisha, chukua rula ya shule. Vuta cheni inyooke, pima kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi ya 21. Cheni mpya ya 428 inatoa milimita 254. Ikifika 259, itupe. Pima sehemu tatu tofauti, uchukue kipimo kikubwa zaidi.

Kukata pingili ili kuifupisha hakusaidii. Nafasi kati ya pini zilizobaki bado ni kubwa kuliko nafasi ya meno, hivyo rola zinapanda juu ya meno na kuyachonga yawe kama ndoano. Kwa sababu hiyo hiyo, cheni mpya ifungwe pamoja na sproketi mpya zote mbili. Ile ndogo ya mbele huisha zaidi, maana meno yake ni machache na kila moja linafanya kazi mara nyingi. Ukifunga klipu ya kiungo cha kuungia, upande uliofumbika uangalie mwelekeo cheni inakokwenda. Ukiigeuza, jiwe au kijiti kinaweza kuing'oa njiani.