Albamu ya Queen ya 2008 haikukosa mwimbaji, ilikosa kwaya

Ubishi wa Queen, bendi ya roki ya Uingereza, hapa Mwanza hauishi. Ukikaa jioni na wapenzi wa muziki wa roki pale Kirumba, hazipiti dakika nyingi kabla mtu hajaiibua The Cosmos Rocks, ile albamu waliyoitoa na Paul Rodgers mwaka 2008. Upande mmoja unasema bila Freddie Mercury, mwimbaji wao mkuu, hakuna Queen, na kuliandika jina lile kwenye jalada ilikuwa kumkosea marehemu heshima. Upande wa pili unajibu kwamba Brian May, mpiga gitaa, na Roger Taylor, mpiga ngoma, walikuwepo tangu bendi inaundwa mwaka 1970, jasho ni lao, jina ni lao, na hakuna wa kuwapangia.

Pande zote mbili zinamwangalia mtu aliyesimama mbele. Mimi ni mwalimu wa kwaya. Kazi yangu ni kugawa sauti, kumtoa huyu soprano nimpeleke alto, kumwambia kijana wa besi apunguze ili tenori wasikike, na sikio langu limezoea kwenda kwanza kwa wanaoitikia. Nikiisikiliza albamu ile kwa sikio hilo, kasoro yake siioni kwa Rodgers hata kidogo. Naiona nyuma yake.

Tuwekane sawa kwanza kwenye yaliyotokea. Freddie alifariki London tarehe 24 Novemba 1991, siku moja tu baada ya kutangaza kwamba ana UKIMWI. John Deacon, mpiga gitaa la besi, akajiondoa taratibu. Mara ya mwisho kupanda jukwaani na wenzake ilikuwa Paris, Januari 1997. Wakabaki wawili. Mwaka 2005 wakaanza kuzunguka na Rodgers, mwimbaji aliyejijengea jina na bendi ya Free, kisha Bad Company, na Septemba 2008 wakatoa albamu. Waliiandika kwa jina la Queen + Paul Rodgers, kwa hiyo hawakumdanganya mtu. Walirekodi kwenye studio ya Taylor huko Surrey, na gitaa la besi wakajipigia wenyewe badala ya kumwita mtu wa kukaa kwenye nafasi ya Deacon. Uingereza albamu ilifika nafasi ya 5. Mwaka 2009 ushirikiano ukaisha, kila mtu akashika njia yake kwa amani.

Sasa twende kwenye kwaya, maana hapo ndipo penye neno.

Queen ya miaka ya sabini ilikuwa na waimbaji watatu: Freddie, May na Taylor. Deacon hakuwa mwimbaji. Watu wengi wakisikia kishindo cha sauti kwenye nyimbo zao hudhani iliitwa kwaya kutoka mahali fulani. Haikuitwa. Watatu wale walisimama mbele ya maikrofoni wakaimba mstari mmoja wa sauti kwa pamoja, wakaurudia, kisha wakahamia mstari unaofuata, nao wote watatu, wakarudia tena, hadi kodi nzima, yaani noti kadhaa zinazosikika kwa pamoja, ikakamilika. Mkanda wa studio wakati ule ulikuwa na njia 24 za kurekodia. Zikijaa, fundi anazichanganya kadhaa zinakuwa moja au mbili, anapata nafasi ya kuongeza nyingine juu. Kwenye Bohemian Rhapsody ya mwaka 1975 inatajwa kwamba sauti zilizopandishwa namna hiyo zilifika 180 hivi. Mwaka uliofuata, kwenye Somebody to Love, wakajenga kwaya nzima ya injili kwa makoo matatu.

Kuna jambo hapa ambalo mtu asiyefundisha kuimba anaweza kulipita bila kuliona. Kwaya ya kawaida ina rangi tofauti kila ngazi: juu kuna wanawake, chini kuna wanaume, na msikilizaji anazitambua ngazi zile hata akiwa nje ya kanisa. Kwa Queen kila ngazi ilikuwa na rangi zote tatu: ulaini wa May, ukali wa Taylor anayepanda juu kuliko wanawake wengi ninaowafundisha, na chuma cha Freddie katikati. Ndiyo maana kodi yao inasikika kama imetoka kwenye koo moja kubwa mno.

Nilitaka vijana wangu walione hilo kwa masikio yao, nikachukua pambio wanalolijua tangu shule ya Jumapili. Kwanza tukaimba kama kawaida, kila mtu na sauti yake. Kisha nikachagua watatu tu, wavulana wawili na msichana, nikawaweka kwenye maikrofoni moja. Wote watatu wakaimba mstari wa chini. Nikawarudisha, wakaimba wote mstari wa kati juu ya ule wa kwanza. Halafu wa juu, yule mvulana wa besi akiupanda kwa taabu, mishipa ya shingo imemtoka. Kila mstari tukaurudia, tukawasha spika. Dada mmoja wa alto akasikiliza hadi mwisho, akauliza, "Mwalimu, hawa wengine uliwarekodi lini?" Hakukuwa na wengine.

Freddie alikuwa na jambo la ziada. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2016 walipima rekodi zake wakaona sauti yake ya kuongea iko eneo la baritoni, yaani kati ya besi na tenori, ingawa aliimba kama tenori, na mtetemo wa sauti yake ulikuwa wa haraka, karibu mara 7 kwa sekunde, tena usio na mpangilio mmoja. Kwa mtu wa kwaya hiyo ni habari kubwa. Ukiipandisha sauti ya namna hiyo juu yake yenyewe mara tatu, mara nne, mitetemo haiendi pamoja, na sikio linasadiki kwamba linasikia watu wengi. Sauti iliyonyooka ukiirudia mara nne inabaki ya mtu yule yule, imeongezeka ukubwa tu.

Turudi kwa Rodgers. Naomba mashabiki wenzangu wamwache. Ni mmoja wa waimbaji bora wa roki yenye asili ya bluzi waliotoka Uingereza. Anachelewa kidogo nyuma ya mdundo kwa makusudi, anaikunja noti kabla hajaifikia, anamalizia mstari kwa pumzi badala ya sauti. Uimbaji huo hauandikiki kwa solfa. Nimejaribu kuwaandikia vijana, ukutani zinabaki do na mi zisizo na uhai. Na una sharti moja: unataka nafasi wazi kuuzunguka. Ukimwekea mwimbaji kama huyo kodi nzito ya sauti nyuma, umemziba. Kile anachokifanya kati ya noti na noti hakisikiki tena.

Naamini May na Taylor walilijua hilo vizuri, ndiyo maana nyimbo nyingi za albamu ile zina nafasi. Voodoo ni bluzi ya taratibu, gitaa na mwimbaji wanajibizana, basi. Cosmos Rockin' ni rokenroli ya kuchezea dansi. Walimpisha mgeni wao kiungwana, na kwa kumpisha wakaiondoa ile alama ambayo msikilizaji anaitambua kwa sekunde mbili hata akiisikia kwenye redio ya daladala. Kwenye Still Burnin' wakarudisha ule mshindo wa miguu na makofi wa We Will Rock You, na mimi nasikia humo watu wanaotafuta alama ya nyumbani pa zamani. Penye Small sauti zinaanza kupandiana kidogo, na hapo moyo wangu huwa unainuka. Halafu wimbo unaisha.

Ndiyo maana nasema wanaoitetea albamu hii kwa hoja ya jina wanaitetea vibaya. Ni albamu nzuri ya kundi la watu watatu wazima wanaojua kazi yao. Ukiiweka pembeni ya albamu za Bad Company inasimama vizuri kabisa. Ukiiweka pembeni ya A Night at the Opera, albamu ya Queen yenye Bohemian Rhapsody, inapwaya, na sababu ni kiitikio.

Wimbo mmoja nautoa kwenye hukumu hiyo: Say It's Not True. Taylor aliuandika kwa ajili ya kampeni ya 46664 ya Nelson Mandela dhidi ya UKIMWI, ukaimbwa mara ya kwanza Cape Town, Novemba 2003. Desemba 1, 2007 wakautoa bure kwenye intaneti. Kwenye albamu Taylor anaanza peke yake, sauti imechoka na imezeeka kwa heshima. May anapokea beti la pili. Rodgers anaingia mwisho, gitaa la umeme likiwa limeshafunguka. Kila mmoja anaubeba mzigo ule ule kwa zamu. Wimbo unazungumza juu ya mtu anayepewa majibu ya kipimo na kuomba yasiwe kweli.

Sisi wa kanda hii ya ziwa hatuhitaji kufafanuliwa wimbo huo. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walikuwa Kagera, mwaka 1983, ng'ambo ya maji haya haya. Kwaya nyingi za hapa zilikuwa zikiimba misibani wiki baada ya wiki, na walimu walionifundisha walizika nusu ya tenori zao. Kwa hiyo mtu akiniambia albamu ya 2008 haikuwa na sababu ya kuwepo, namwekea wimbo huo kwanza, kisha tuongee. Mle ndani May na Taylor wanamwimbia mwenzao aliyeondoka bila kumtaja, na hata ile kwaya ya zamani ingekuwa ni kelele.

Na ziara je? Hapa wabishi wote wa Kirumba hutulia, maana ziara ilikuwa nzuri kuliko albamu, na sababu ni ile ile. Ilifunguliwa Kharkiv, Ukraine, tarehe 12 Septemba 2008, kwenye Uwanja wa Uhuru, onyesho la bure la kupambana na UKIMWI, na watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 350,000 walijaa mle. Ikaendelea Ulaya, ikamalizikia Amerika ya Kusini mwishoni mwa Novemba. Angalia video ya Kharkiv uone kinachotokea May anapokaa peke yake na gitaa lisilo la umeme kupiga Love of My Life. Anaanza mstari, ananyamaza, uwanja unaumalizia. Kiitikio kilichokosekana studio kimesimama pale mbele yake, kimelipa nauli kuja. Rodgers naye jukwaani ana raha, kwa sababu kwaya iko mbali kule uwanjani, haimzibi, na kati yake na watu kuna nafasi yote anayoitaka.

Bohemian Rhapsody waliitatua kwa adabu. Freddie alionekana kwenye skrini akiimba mwanzo, sehemu ya opera ikachezwa kutoka kwenye rekodi, kama walivyofanya hata yeye akiwa hai, maana watu wanne hawawezi kuibeba jukwaani, kisha Rodgers akaingia kwenye roki ya mwisho. Mzee mmoja rafiki yangu, aliyefanya kazi kwenye meli za ziwani hadi akastaafu, anaona kuweka marehemu kwenye skrini si sawa. Namheshimu, lakini sikubaliani naye. Pale ndipo jina la Queen lilipopata haki yake usiku ule.

Kwa wanaotaka kujua albamu ya mwisho ya Queen ni ipi, jibu langu ni Made in Heaven ya mwaka 1995. Mwimbaji alikuwa amefariki miaka minne, na bado kwaya iko kamili. Freddie, akiwa mgonjwa sana, aliwaomba wenzake kule Montreux, kwenye ufuko wa ziwa la Geneva, wamwandikie chochote, aimbe, wao watamalizia baadaye. Mei 1991 akarekodi Mother Love, beti kwa beti. Kabla ya beti la mwisho akasema amechoka, atarudi kumalizia. Hakurudi. May akaliimba yeye. Sikiliza pale sauti zinapobadilishana: koo moja linanyamaza, lingine lililoimba naye mstari mmoja kwa miaka ishirini linaendelea palepale, na upana wa pumzi ni ule ule. Mimi huwachezea hilo vijana ninapowafundisha kupokezana.

Tangu 2012 May na Taylor wamekuwa wakifanya ziara na Adam Lambert, mwimbaji Mmarekani. Wana albamu ya jukwaani naye, ya mwaka 2020, iliyoshika nafasi ya kwanza Uingereza, lakini albamu ya studio yenye nyimbo mpya hawajatoa, na vijana wa Kirumba huniuliza kama ningependa waitoe. Lambert ana sauti ya juu inayoweza kupanda na Taylor, na hana haja ya nafasi kubwa kama Rodgers. Ningependa, kwa sharti moja. Wasimrekodi yeye mbele kwanza halafu wao wakaweka kiitikio siku nyingine. Wasimame watatu kwenye maikrofoni moja, waimbe mstari wa chini wote, warudie, ndipo wapande.