Chanjo kwa mwenye Crohn au kolaitisi: ni kazi ya daktari yupi?

Haya ni magonjwa gani, na chanjo inaingiaje hapo?

Ugonjwa wa Crohn na kolaitisi ya vidonda ni magonjwa ya kudumu ambayo kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia utumbo. Mgonjwa huharisha kwa wiki au miezi, mara nyingi na damu, tumbo likimsokota na mwili ukikonda. Tiba kubwa ni kuishusha kinga hiyo: prednisoloni, azathioprini, methotreksati, au dawa za kibayolojia kama infliximab na adalimumab. Utumbo hutulia, lakini mwili hubaki na ulinzi mdogo dhidi ya mafua makali, nimonia, homa ya ini B na mkanda wa jeshi. Yote hayo yana chanjo.

Mbona daktari wangu hajawahi kuniuliza habari za chanjo?

Si wewe peke yako. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2006 uliwahoji wagonjwa 169 wa magonjwa haya. Waliokuwa wakichanjwa mafua kila mwaka walikuwa asilimia 28, na waliopata chanjo ya nimonia asilimia 9. Sababu iliyotajwa zaidi ni kutojua kwamba wanazihitaji. Mwaka 2011 yakachapishwa majibu ya madaktari bingwa wa tumbo wenyewe. Karibu theluthi mbili walisema kuamua mgonjwa apewe chanjo gani ni kazi ya daktari wa kawaida. Linalonisumbua zaidi ni hili: asilimia 20 hadi 30 wangempa chanjo hai (yenye vimelea hai vilivyodhoofishwa) mgonjwa aliyeshushwa kinga, kosa linaloweza kuondoa uhai, na wengine wangemnyima chanjo hiyo hiyo mgonjwa ambaye kinga yake iko sawa.

Siwaiti wazembe. Bingwa ana damu ya kuzuia, kipimo cha kamera cha kusoma na dawa ya bei kubwa ya kumtafutia mgonjwa. Daktari wa kawaida naye huogopa kumgusa mgonjwa wa bingwa. Chanjo inabaki katikati, haina mwenyewe. Mwaka 2017 chama cha mabingwa wa tumbo wa Marekani kilitoa mwongozo wa kuwakinga wagonjwa hawa, na chanjo zimechukua sehemu kubwa ya mwongozo huo. Kwetu Afrika Mashariki ugumu umeongezeka, kwa sababu chanjo tumeizoea kama jambo la mtoto na mama mjamzito. Mtu mzima wa miaka 35 anayemeza azathioprini hana kadi ya kliniki, na hakuna anayemuuliza.

Basi uliza wewe. Swali liwe la moja kwa moja: "Daktari, kabla sijaanza dawa hii, ni chanjo gani ninazohitaji, na nani atanichoma?"

Zipi ni salama, zipi za kuogopa?

Zisizo na vimelea hai unaweza kuchanjwa hata ukiwa kwenye dawa: sindano ya mafua, nimonia, homa ya ini B, pepopunda, Uviko, HPV (ya kukinga saratani ya shingo ya kizazi), na ile mpya ya mkanda wa jeshi isiyo hai. Chanjo hai ni BCG (ya kifua kikuu), matone ya polio, surua na rubela, tetekuwanga na homa ya manjano. Hizi hazipewi mtu aliyeshushwa kinga. Anayetumia mesalazini au salfasalazini peke yake kinga yake haijashushwa, kwa hiyo hana sababu ya kunyimwa.

Wakati mzuri ni upi?

Ni pale ugonjwa unapogunduliwa. Mwili ambao bado haujaanza dawa huitikia chanjo vizuri zaidi, na chanjo hai inataka angalau wiki 4 kabla ya kuanza. Lakini mgonjwa mahututi asicheleweshewe tiba kwa ajili ya chanjo.

Homa ya ini B naisisitiza. Infliximab na wenzake wanaweza kuviamsha virusi vilivyolala kwenye ini, na ini likaharibika vibaya. Kwa hiyo damu ipimwe kwanza. Kenya na Tanzania ziliingiza chanjo hii katika ratiba ya watoto mwanzoni mwa miaka ya 2000, na wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata. Kawaida ni dozi 3 ndani ya miezi 6. Kwa anayetumia dawa za kushusha kinga, damu ipimwe tena mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya mwisho kuona kama kinga imejengeka.

Nilichomwa infliximab nikiwa mjamzito. Mtoto apewe BCG?

Usikubali apewe kabla bingwa wako hajasema. Katika miezi ya mwisho ya mimba dawa hii hupita kwenye kondo hadi kwa mtoto, na inaweza kukaa katika damu yake kwa miezi mingi. Mwaka 2010 madaktari wa Uingereza waliripoti habari ya mtoto wa mama mwenye Crohn aliyetibiwa hivyo. Alizaliwa mzima, akapewa BCG akiwa na miezi 3, vimelea vya chanjo vikasambaa mwilini, akafariki akiwa na miezi minne na nusu.

Uingereza BCG si ya kila mtoto. Kwetu hutolewa mara tu mtoto anapozaliwa, pamoja na matone ya polio, kwa hiyo nafasi ya kosa hili ni kubwa zaidi. Muuguzi hutimiza ratiba. Hawezi kujua dawa uliyotumia usipomwambia. Mwambie kabla ya kujifungua, na iandikwe kwenye kadi. Chanjo hai hucheleweshwa angalau miezi 6. Kwa infliximab mamlaka ya dawa ya Ulaya inashauri miezi 12. Rota, chanjo ya kuharisha ambayo nayo ni hai, kwa kuwa umri wake wa kupewa ni mfupi, daktari aamue mapema. Sindano nyingine zisizo hai zifuate ratiba bila kuchelewa. Wala usiache dawa mwenyewe kwa hofu: Crohn iliyofumuka wakati wa mimba ni hatari kwa mama na mtoto.

Nasafiri kwenda Kongo, wanadai kadi ya homa ya manjano.

Kama uko kwenye dawa hizi, usichanjwe ili tu upate kadi. Kadi ya kimataifa ina sehemu ya daktari kuandika kwamba chanjo haikufai kiafya. Hata hivyo cheti hicho hakizuii mbu. Kama safari inaweza kuahirishwa, iahirishe.

Chanjo haitaamsha ugonjwa wangu?

Hakuna ushahidi kwamba chanjo hufumua Crohn au kolaitisi.

Na watu wa nyumbani?

Wachanjwe, hasa mafua na surua, maana wao ndio watakaokuletea ugonjwa. Tahadhari iko kwenye matone ya polio: virusi vyake hutoka kwenye choo cha mtoto kwa wiki kadhaa. Nepi abadilishe mwingine kama yupo. Kama ni wewe tu, nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kila mara.