Betri ya gari la umeme haifi baada ya miaka mitatu

Ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya mtandaoni hudai kwamba betri ya gari la umeme hufa baada ya miaka 3, na kwamba mwenye gari hulazimika kununua nyingine kwa bei ya gari zima. Si kweli. Betri hiyo hupungua uwezo polepole, na watengenezaji wengi huipa dhamana ya miaka 8 au kilomita 160,000, wakiahidi kwamba katika kipindi hicho haitashuka chini ya asilimia 70 ya uwezo wake wa awali.

Mkanganyiko unaeleweka. Wengi huilinganisha na betri ya simu, ambayo huchajiwa karibu kila siku. Wengine huichanganya na betri ndogo ya volti 12, ambayo hata gari la umeme huwa nayo, na ambayo kweli hubadilishwa kila baada ya miaka michache. Tena yapo magari ya mwanzo yasiyo na mfumo wa kupoza betri, yaliyochoka mapema kwenye joto kali.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Anayenunua gari lililotumika amwombe fundi achomeke kifaa cha uchunguzi chini ya usukani, asome asilimia ya afya ya betri, kisha ailinganishe na umri wa gari.