Pato la jiji si kipato cha mkazi wake

Lile jedwali limerudi tena kwenye makundi ya simu: majiji ya dunia yamepangwa kutoka tajiri hadi maskini, pato la kila jiji limegawanywa kwa idadi ya wakazi, na chini yake imeandikwa kwamba mwananchi wa kawaida wa jiji la kwanza anapata kiasi hicho kwa mwaka. Hapati. Safari hii kuna mtu wa huku kwetu, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, ameongezea kwamba Iringa, Mbeya na Njombe, kwa kuwa pato lao la wastani liko juu ya wastani wa taifa, basi watu wake wanaishi vizuri kuliko mikoa mingine. Hoja hii imejibiwa vipande vipande mara nyingi na bado inarudi ilivyo, kwa hiyo naiandikia yote mahali pamoja.

Pato ni thamani ya kilichozalishwa ndani ya mpaka fulani kwa mwaka mmoja. Halisemi aliyezalisha analala wapi, wala faida imeishia kwa nani. Ukiligawa kwa wakazi, juu ya mstari umeweka wanaofanya kazi pale, chini umeweka wanaolala pale, na hao si watu walewale.

Chukua jiji la mfano lenye wakazi 500,000 na wafanyakazi 200,000, ambao 50,000 kati yao hulala wilaya jirani. Kila mfanyakazi anazalisha shilingi 8,000,000 kwa mwaka. Pato la jiji ni trilioni 1.6, na kwa kila mkazi inatoka shilingi 3,200,000. Sasa waondoe wanaorudi kwao jioni. Wafanyakazi wanaolala mjini ni 150,000, walichozalisha ni trilioni 1.2, na kwa mkazi ni 2,400,000. Jiji limeonekana tajiri kwa theluthi moja zaidi bila mkazi hata mmoja kuongezewa senti. Wilaya jirani nayo imeonekana maskini kuliko ilivyo, maana watu wake wamehesabiwa kwao na jasho lao limehesabiwa kwingine. Mpaka kati ya Jiji la Mbeya na Halmashauri ya Wilaya ya Mbeya ni wa namna hiyo: Mbalizi iko upande wa wilaya, na daladala za asubuhi zinapeleka watu Mwanjelwa na Soweto, mitaa ya jijini.

Washington, mji mkuu wa Marekani, ndiyo mfano mkubwa. Pato lake kwa mkazi linapita dola 200,000, juu kabisa ya jimbo lolote la Marekani, kwa sababu sehemu kubwa ya wafanyakazi wake wanaishi majimbo jirani ya Maryland na Virginia. Wakati huohuo zaidi ya mkazi mmoja kati ya kumi wa Washington yuko chini ya mstari wa umaskini wa nchi ile. Kile kipande cha katikati ya London kinachoitwa City kilikuwa na wakazi wasiofika 10,000 katika sensa ya 2021, na wafanyakazi zaidi ya 500,000. Kugawa pato la pale kwa wakazi wa pale ni kupoteza muda.

Hapo hatujagusa mipaka yenyewe, na hapa ndipo pananikera kuliko pote. Watu wanaandika "Chongqing, watu milioni 32, jiji kubwa kuliko yote duniani". Chongqing ni eneo la kiutawala lenye kilomita za mraba zipatazo 82,400, zaidi ya mkoa wa Tabora ambao ndio mkubwa kuliko yote Tanzania Bara. Ndani yake kuna milima, mashamba na vijiji vingi. Ukiiweka sambamba na Tokyo, kwanza sema Tokyo ipi: zile wilaya 23 za katikati zina watu kama milioni 9.7, mkoa wa Tokyo una kama milioni 14, na mji wote uliounganika, ukichanganya Yokohama na majirani wengine, una kama milioni 37. Zote tatu zinaitwa Tokyo, na kila moja ina pato lake kwa mtu. Anayetaka Tokyo ishinde atachagua moja, anayetaka ishindwe atachagua nyingine, na wote watasema takwimu ni za serikali.

Kosa hili tunalo hata nyumbani. Sensa ya 2012 iliupa Mkoa wa Mbeya watu 2,707,410. Sensa ya 2022 iliupa 2,343,754. Anayezisoma bila kujua atasema mkoa umepoteza watu zaidi ya 360,000 na ataanza kutafuta walikokimbilia. Hakuna aliyekimbia. Mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya, ukachukua Mbozi, Momba, Ileje, wilaya ya Songwe na mji wa Tunduma wenye mpaka wake na Zambia. Kwa mipaka ya leo, Mbeya ya 2012 ilikuwa na watu 1,708,548, kwa hiyo imekua kwa kama asilimia 37. Pato nalo liligawanyika: ushuru na biashara ya mpakani vilihamia mkoa mpya, mpunga wa Mbarali na viazi vya Uporoto vikabaki. Mfululizo wowote wa pato la Mbeya unaovuka 2016 bila kurekebishwa mipaka, utupe.

Dawa ambayo wanatakwimu wamejaribu ni kuacha mipaka ya kisiasa na kuanza na watu wenyewe. Nchi inagawanywa katika viraba vya kilomita moja kwa moja. Viraba vilivyoshikana vyenye watu 1,500 au zaidi kila kimoja, vikifikisha jumla ya watu 50,000, vinakuwa jiji. Kisha maeneo ya jirani ambako angalau asilimia 15 ya wafanyakazi huenda kazini kwenye jiji hilo yanaunganishwa nalo. Sehemu ya kwanza, ile ya viraba, iliidhinishwa na Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa mwaka 2020. Ni bora kuliko mipaka ya halmashauri, lakini wanaoisifu hawasemi inapovunjika. Misri kwa tafsiri yake yenyewe ina chini ya nusu ya watu wake mijini. Kwa viraba hivi sehemu kubwa kabisa ya nchi inageuka mji, kwa sababu vijiji vya bonde la Nile vimebanana. Na ile asilimia 15 inadhani kwamba kazi ina anwani. Mama anayenunua ndizi Tukuyu alfajiri, akaziuza Mwanjelwa mchana na kulala Uyole, dodoso litamweka wapi?

Suala la fedha nalipitia haraka. Ukibadilisha pato kuwa dola kwa bei ya sokoni, jiji linatajirika na kufilisika bila kufanya kitu. Mwaka 2024 dola ilivuka shilingi 2,700, kisha ikashuka hadi karibu 2,400 mwishoni mwa mwaka. Magunia ya mchele ni yaleyale. Kipimo cha uwezo wa kununua kinarekebisha hilo, ila kinakokotolewa kwa nchi nzima, kwa hiyo kodi ya nyumba ya Masaki, Dar es Salaam, na ya Ilomba, Mbeya, zinapewa bei moja. Marekebisho ya kuaminika ya mji kwa mji katika nchi nyingi hayapo. Na tafadhali, jiji ghali si jiji tajiri: Luanda iliongoza orodha moja maarufu ya miji ghali mwaka 2017, lakini orodha ile hupima gharama za mtaalamu wa kigeni anayelipwa na kampuni yake.

Kuna pia fedha inayopita tu. Mwaka 2015 pato la Ireland liliruka kwa kama asilimia 25 kwa mwaka mmoja, hasa kwa sababu kampuni kubwa za kigeni zilihamishia huko umiliki wa hataza (haki za uvumbuzi) na mali nyingine zisizoshikika. Mishahara ya Dublin haikuruka hivyo. Wanatakwimu wao walilazimika kutunga kipimo kingine cha kipato kinachoondoa fedha hizo. Mashamba ya chai na mbao za Mufindi nayo yaulizwe hivyohivyo: thamani imezalishwa Iringa, je, faida imebaki Iringa?

Na hapo ndipo turudi kwa yule ndugu aliyesema watu wa mikoa yetu wanaishi vizuri kuliko wengine. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka 5 nchini wamedumaa. Iringa ilikuwa asilimia 56.9, ya kwanza kitaifa. Njombe 50.4. Mikoa hiyohiyo yenye pato la mtu juu ya wastani, yenye mahindi, viazi, parachichi, maziwa na mbao. Zaidi ya nusu ya watoto wa Iringa ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka, na udumavu ukishapita miaka miwili ya mwanzo ni vigumu sana kuufuta. Chakula kipo. Kinachotajwa tena na tena ni mlo wa ugali au viazi usio na mchanganyiko, mazao yanayouzwa badala ya kuliwa, na mama anayelima kutwa huku mtoto akipewa uji mwepesi mara mbili kwa siku. Pato linayahesabu mazao hayo, yauzwe au yaliwe nyumbani, lakini halisemi mtoto amekula nini.

Kwa hiyo ukitaka kulinganisha majiji, anza kwa kuandika eneo na mpaka uliotumia, na mwaka wake. Weka wakazi na wafanyakazi kwenye safu mbili tofauti, na pato ligawe kwa wafanyakazi. Kwa hali ya maisha tumia matumizi ya kaya ya katikati: panga kaya 1,001 kutoka ya chini hadi ya juu, chukua ya 501. Wastani unavutwa na wachache. Afrika Kusini, yenye Johannesburg ya matajiri, ilipimwa mwaka 2014 ikawa na kipimo cha Gini (kinachopima pengo kati ya walio nacho na wasio nacho, 0 ikiwa usawa kamili na 100 ikiwa mmoja amechukua vyote) cha 63, miongoni mwa vya juu kabisa duniani. Kisha ongeza vifo vya watoto, udumavu, na saa ambazo maji hutoka bombani kwa wiki, si idadi ya mabomba. Tofauti ya asilimia 3 au 4 kati ya miji miwili usiipe cheo, kwa sababu katika nchi nyingi pato la mkoa linapatikana kwa kugawanya jumla ya taifa kwa viashiria, na makosa ya kugawa huko yanaweza kuwa makubwa kuliko tofauti yenyewe.

Na ile 56.9 ni ya mkoa mzima, Kilolo na Mufindi zikiwemo. Sampuli ya utafiti ule imepangwa kutoa jibu ngazi ya mkoa, kwa hiyo usije ukaiandika kwenye safu ya Manispaa ya Iringa.