Nakisi ya bajeti na deni la taifa: kwa nini nakisi hushuka na deni likazidi kupanda

Waziri wa fedha akisimama bungeni kutangaza kwamba serikali imepunguza nakisi kwa nusu, wapo watakaopiga makofi wakidhani deni limepungua. Halijapungua. Limeongezeka, ila safari hii kwa mwendo wa polepole. Hata vichwa vya habari huteleza hapa, maana maneno haya mawili hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja.

Nakisi ni pengo la mwaka mmoja wa fedha: matumizi yakizidi mapato, kilichozidi ndicho nakisi. Deni ni limbikizo la mikopo yote iliyoziba mapengo hayo miaka nenda rudi na ambayo haijalipwa.

Tuchukue serikali ya kubuni, tuhesabu kwa mabilioni. Inakusanya 100, inatumia 110. Nakisi ni 10, na hizo 10 ni lazima zikopwe. Kama ilianza mwaka ikidaiwa 200, inaumaliza ikidaiwa 210. Mwaka unaofuata inajikaza, nakisi inashuka hadi 5, na waziri anapigiwa makofi. Deni sasa ni 215. Ili lisiongezeke, nakisi iwe sifuri. Ili lishuke, ipatikane ziada: mapato yazidi matumizi yote, riba ikiwemo.

Hiyo riba ndiyo mwiba. Katika zile 110 za mwaka wa kwanza, tuseme 15 zilikwenda kulipa riba ya mikopo ya zamani. Ukiziondoa, serikali ilitumia 95 kwa mishahara, dawa, shule na barabara, ilhali ilikusanya 100. Hapo ina ziada ya 5, ambayo wachumi huiita ziada ya msingi, yaani hesabu kabla riba haijaguswa. Mimi huona hiki ndicho kipimo cha haki zaidi cha juhudi za serikali iliyoko madarakani, kwa kuwa sehemu kubwa ya riba ni mzigo ulioachwa na waliotangulia. Ila mlipa kodi hafarijiki: ametoa 100, amepata huduma za 95, na deni bado limekua.

Kuna hesabu nyingine inayogeuza mambo. Wakopeshaji hawatazami ukubwa wa deni peke yake. Wanalilinganisha na pato la taifa, yaani thamani ya vyote vinavyozalishwa nchini kwa mwaka. Serikali yetu ikidaiwa 200 katika uchumi wa 400, deni ni asilimia 50. Deni likifika 210 huku uchumi ukikua hadi 440, uwiano unashuka hadi karibu asilimia 48, ingawa hakuna hata senti ya deni iliyopungua. Uchumi ukisinyaa hadi 380, deni hilohilo la 210 linakuwa asilimia 55.

Ugiriki iliyaonja hayo. Mwishoni mwa 2009 serikali mpya ilikiri kwamba nakisi ilikuwa kubwa kuliko ilivyokuwa ikiripotiwa. Takwimu za mwisho ziliipitisha asilimia 15 ya pato la taifa. Kuanzia 2010, kwa masharti ya nchi za Ulaya na Shirika la Fedha la Kimataifa, pensheni na mishahara vilikatwa, kodi zikapandishwa. Nakisi ilishuka kweli. Lakini uchumi nao ulipoteza karibu robo yake, na uwiano wa deni ukapanda kutoka chini ya asilimia 130 hadi karibu 180, tena baada ya wadai binafsi kukatwa zaidi ya nusu ya thamani ya hati fungani zao, yaani hati za mikopo waliyoipa serikali, mwaka 2012. Kubana matumizi kulipunguza nakisi kwa mkono mmoja na kusinyaza uchumi kwa mwingine.

Uingereza ilipita njia nyingine. Baada ya Vita Kuu ya Pili deni lake lilizidi mara mbili ya pato la taifa, na kufikia miaka ya 1970 lilikuwa karibu nusu ya pato hilo. Halikulipwa likaisha. Uchumi ulikua, bei zikapanda, riba zikabaki chini, na deni la zamani likawa dogo mbele ya uchumi mpya. Anayeliwa katika mtindo huo ni aliyeikopesha serikali kwa riba ndogo, akarudishiwa pesa zilizopungua nguvu.

Mtindo huo haufai kwa anayedaiwa kwa dola. Sarafu yake ikishuka thamani, deni linavimba usiku mmoja bila mkopo mpya kusainiwa.

Kwa hiyo basi, kwa nini wasikate tu matumizi? Kwa sababu sehemu kubwa ya bajeti haikatiki kirahisi. Riba isipolipwa, nchi inahesabiwa kuwa imeshindwa kulipa, kama Zambia ilivyofanya Novemba 2020. Mishahara na pensheni zina wenyewe, nao wanapiga kura. Kodi mpya huamsha mitaa: Juni 2024, Rais William Ruto wa Kenya alikataa kusaini muswada wa fedha siku moja baada ya waandamanaji kuingia bungeni. Kinachobaki ni miradi ya maendeleo, na ndiyo maana unakuta daraja lenye nguzo zilizosimama na nondo zinazopata kutu, bila njia ya kupita juu yake.

Kisha kuna mbinu ya kimyakimya. Mkandarasi amemaliza kazi, hati ya madai imepokelewa na kugongwa muhuri, malipo yanasukumwa hadi mwaka wa fedha ujao. Ambapo matumizi huhesabiwa pale tu pesa inapotoka, nakisi ya mwaka huu inapendeza. Deni limehamia kwa mkandarasi, naye anakwenda benki kukopa ili alipe vibarua wake.